Mchezaji Anapofanywa Mtazamaji



Jambo nililoombwa nilizungumze jioni hii ni tamthilia za televisheni zinazotokana na michezo ya video, pamoja na makampuni yanayozitoa tamthilia hizo kwa njia ya intaneti, na sababu zinazoyafanya yaichague hii na kuiacha ile. Natambua ya kuwa wamo katika hadhara hii watu wa makamo ambao kwao gemu ni makelele ya wajukuu sebuleni, na wamo vijana ambao, lau ningewapisha hapa niliposimama, wangetusomesha habari za gemu mpaka alfajiri wasichoke. Basi nawataka radhi wale wa kwanza kwa wingi wa majina mageni nitakayoyataja, na hawa wa pili kwa kuwaeleza mambo waliyoyajua tangu utotoni.

Kukihamisha kisa kutoka chombo kimoja hadi kingine si bidaa katika mwambao wetu. Mwengo wa Athumani wa Pate, alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, alizichukua habari za vita zilizokuwa zikisimuliwa kwa Kiarabu akazifunga katika mizani na vina vya Kiswahili. Na Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1963, aliwapa Warumi wa Shakespeare ulimi wa Kiswahili katika tafsiri yake ya Julius Caesar. Lakini katika kazi hizo aliyekuwa msikilizaji alibaki msikilizaji, na msomaji alibaki msomaji. Hapana aliyenyang'anywa kitu. Gemu ina hali yake ya peke yake, kwani kisa chake hakiendi hatua mpaka mwenye kuicheza abonyeze pedi ya kuchezea, na hofu inayompata katika ujia wa giza si ya kumhofia mtu mwingine bali ni hofu ya uamuzi wake mwenyewe, na shujaa akifa amekufa yeye, akarudi nyuma akajaribu tena hata ajue ni wapi alipokosea. Mwenye kuigeuza gemu kuwa tamthilia, kitendo chake cha kwanza, apende asipende, ni kumpokonya mchezaji ile pedi na kumkalisha kitini. Na rai yangu ni kwamba kazi za namna hii hufaulu au huharibika kwa kadiri ya kile anachopewa mtu huyo badala ya alichopokonywa.

Waliotangulia hawakuliona jambo hili, au waliliona wakalidharau. Mwaka 1982 kampuni ya Hanna-Barbera ilitoa katuni ya Pac-Man, na kwa kuwa gemu yenyewe haina kisa ila duara la manjano linalomeza vitone na kuvikimbia vizuka, waandishi walilipatia duara hilo mke, mtoto, mbwa na paka, ili maisha yake yafanane na ya jirani yeyote wa Kimarekani. Mwaka 1993 ikaja sinema ya Super Mario Bros., ambamo yule fundi bomba aliyezoea kurukaruka katika nchi ya rangi za kupendeza alitiwa ndani ya jiji la kiza lenye watu wa nasaba ya dinosaria. Sinema hiyo haikurudisha gharama zake, na Bob Hoskins, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza aliyemwigiza Mario, alikuja kusema baadaye kwamba katika kazi zake zote hapakuwa na iliyokuwa mbaya kuipita hiyo. Pokémon, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwezi wa Aprili 1997, ilisalimika, maana katika gemu ile mtoto husafiri kutoka mji hadi mji akikusanya viumbe, na safari ya namna hiyo hukatika yenyewe vipande vya nusu saa bila ya kulazimishwa.

Sasa nataka nisimame kidogo katika suala la uso, kwa sababu naona ndimo tofauti ya kazi njema na kazi mbaya inamodhihirika zaidi. Mwezi wa Machi 2022 huduma ya Paramount+ ilianza kuonyesha Halo, tamthilia iliyotokana na gemu ya mwaka 2001, ambayo shujaa wake ni askari aitwaye Master Chief, mwenye kofia ya chuma na kioo cha rangi ya dhahabu kilichouficha uso wake gemu baada ya gemu kwa muda wa miaka ishirini. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, askari huyo aliivua kofia yake. Waliotunga walikuwa na hoja, nayo si hoja ya kipuuzi: mtu hawezi kukaa saa tisa akitazama kioo, na mwigizaji aliyenyimwa macho amenyimwa nusu ya kazi yake. Lakini Steven Kane, aliyekuwa kiongozi wa waandishi wa msimu ule, alisema bayana kwamba hawakuitazama gemu walipokuwa wakitunga, na nadhani ndiyo sababu hawakutambua kuwa nyuma ya kile kioo hapakuwa na siri iliyongoja kufichuliwa. Palikuwa na nafasi, na kila mchezaji aliingia humo akakaa yeye. Ulipotokeza uso wa Pablo Schreiber, ambaye ni mwigizaji mzuri na hana lawama, mamilioni ya watu waliambiwa watoke katika nyumba waliyoishi muda mrefu, na walipotoka hawakukuta nje ila kisa cha askari na makamanda wake mfano wa vingi walivyokwisha kuviona. Misimu ikawa miwili, na mwezi wa Julai 2024 ikatangazwa kuwa haitakuwako ya tatu.

Tuitazame kwa upande wa pili The Last of Us, iliyoanza katika chaneli ya HBO tarehe 15 Januari 2023. Waliounda tamthilia hiyo ni Craig Mazin, aliyekwisha sifiwa kwa Chernobyl ya mwaka 2019, na Neil Druckmann, ambaye ndiye aliyeiandika gemu yenyewe, iliyotoka mwaka 2013. Kisa ni cha kuvu inayoingia ubongoni mwa binadamu na kumgeuza mnyama mkali, na cha mwanamume mmoja, Joel, anayekabidhiwa msichana asiyedhurika na kuvu hiyo amvushe Marekani nzima iliyokwisha kuwa magofu. Katika gemu, vumbi la kuvu huelea hewani, na wahusika hulazimika kuvaa barakoa kila waingiapo mahali palipofungwa. Mazin na Druckmann waliliondoa vumbi hilo katika msimu wa kwanza, wakaweka mahali pake nyuzi zinazochomoza vinywani mwa wagonjwa, na mojawapo ya sababu walizozitoa ni kwamba barakoa zingeficha nyuso za waigizaji. Tamaa ni ile ile ya watu wa Halo, yaani kuuona uso, walakini hapa haikumfukuza mtu yeyote, kwa kuwa barakoa ilikuwa ni kifaa tu, wala mchezaji hakuwa amefanya makazi ndani yake. Aliyeijua gemu tangu kuizaa alijua lipi laweza kung'olewa nyumba isianguke.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Anayecheza gemu ile amefungwa kwa Joel, na kwa sehemu fulani kwa yule msichana, Ellie, hawezi kwenda mahali wasipokwenda wao. Anapofika katika mji mdogo anakoishi mtu mmoja mkaidi aitwaye Bill, hukuta kwamba Frank, mwenzi wa Bill, amekwisha kufa, amejinyonga, na ameacha barua yenye uchungu. Mchezaji huisoma barua, hulipata gari alilolijia, akaendelea na safari yake, kwa sababu ana kazi ya kufanya na maadui wanamngoja. Tamthilia, katika sehemu yake ya tatu, inamwacha Joel njiani kwa muda mrefu. Inarudi nyuma miaka ishirini, inamwonyesha Frank anavyoanguka katika shimo la mtego alilolichimba Bill, inamwonyesha Bill anavyompikia chakula kwa ustadi asioutarajia mtu, na inawafuata wanaume hao wawili waliopendana mpaka uzee na maradhi, mpaka siku waliyochagua kufa pamoja. Mtu aweza kukipenda kisa hicho au asikipende, na wako walioghadhibika kwa sababu zao, lakini kwa mwenye kuchunguza sanaa jambo lililo dhahiri ni kwamba mtazamaji alilipwa deni lake: mkono wake ulichukuliwa, akapewa ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba ambayo mchezaji aliipita mbio. Nick Offerman, aliyemwigiza Bill, alitunukiwa tuzo ya televisheni ya Emmy kwa sehemu hiyo moja tu, ikiwa ni mojawapo ya Emmy nane zilizopatikana na msimu ule.

Fallout, iliyotolewa na Amazon mwezi wa Aprili 2024, ilishika njia nyingine. Gemu za jina hilo, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1997, humwacha kila mchezaji ajitungie safari yake katika Marekani iliyoteketezwa kwa mabomu ya atomiki, hata pasiwe na wachezaji wawili wenye kisa kimoja. Kwa hiyo watungaji hawakumhamisha mtu yeyote, waliihamisha nchi, wakaleta wahusika wapya na kuuweka wakati wao baada ya gemu zote zilizotangulia. Ilikuwa hekima, ijapokuwa haikuwakinga na wachezaji wenyewe, ambao ni watu wa kuogopwa: katika chumba kimoja cha darasa palionekana ubao ulioandikwa kwa chaki mwaka wa kuanguka kwa mji fulani, na washabiki wakauhakiki mwaka huo kama warithi wanaoikagua hati ya shamba, wakadai kuwa unapingana na gemu ya Fallout ya mwaka 2010, hata watengenezaji wakalazimika kutoa maelezo. Mimi sicheki. Hadhira inayoshika tarehe za mji usiokuwako ni hadhira ambayo mwandishi yeyote angeitamani.

Na hadhira hiyo ndiyo inayonileta kwa wenye fedha. Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa kuwapelekea watu DVD kwa posta, ikaanza kutiririsha sinema mwaka 2007 na kuonyesha House of Cards mwaka 2013, haiuzi tamthilia moja moja kama duka liuzavyo vitabu. Bidhaa yake ni mwezi. Mteja hulipa ada ya mwezi, na kila kinachotengenezwa kina kazi mbili tu, kumwingiza asiyekuwamo na kumzuia aliyemo asitoke. Kwa hesabu ya namna hiyo, jina linalojulikana na mamilioni ya watu lina thamani kabla ya mwandishi kuandika neno la kwanza, maana nusu ya kazi ya kumwita mteja imekwisha kufanywa na watu wengine kwa miaka mingi na kwa gharama yao. Hapa ndipo asili ya mafuriko ya gemu katika televisheni ilipo, wala si kwamba wakuu wa makampuni hayo waliamka asubuhi moja wakazipenda gemu.

Lakini tazameni jinsi walivyokuwa wakihesabu. Mpaka mwaka 2019, Netflix ilimhesabu mtu kuwa ameitazama sinema au sehemu ya tamthilia akiwa ametazama asilimia 70 yake. Kisha ikabadilisha, ikasema kuwa dakika mbili zatosha, kwa kuwa dakika mbili zaonyesha kwamba mtu alichagua kwa kusudi. Na kwa kipimo hicho ikatangaza kuwa The Witcher, iliyotoka Desemba 2019, imechaguliwa na nyumba milioni 76 katika majuma yake manne ya kwanza. (The Witcher asili yake ni vitabu vya Andrzej Sapkowski wa Poland, lakini aliyelitangaza jina lake ulimwenguni ni kampuni ya gemu ya CD Projekt Red, na hata leo wako wanaoapa kuwa gemu ilitangulia.) Baadaye kipimo kikawa jumla ya saa, na tangu mwaka 2023 kikawa saa zilizotazamwa zikigawanywa kwa urefu wa kazi yenyewe. Sina ugomvi na tarakimu. Ninachokisema ni kwamba dakika mbili humhesabu aliyechungulia, na jina kubwa ndilo linalochunguliwa na wengi. Aliyekuwa akichagua kazi za kutengeneza huku akiutazama ubao wa hesabu wa namna hiyo alikuwa akiambiwa kila siku kwamba jina latosha. Kisha ada ya mwezi hudai mtu akae, na jina halina uwezo wa kumkalisha. Resident Evil ya Netflix, yenye sehemu nane na jina linalojulikana tangu mwaka 1996, ilitoka tarehe 14 Julai 2022, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha ikatangazwa kuwa imefutwa.

Nao waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani walipogoma mwaka 2023 kwa muda wa siku 148, moja katika malalamiko yao lilikuwa hili: kwamba wanaandika kazi, kazi inatazamwa, nao hawajui imetazamwa na wangapi, kwa hiyo hawana msingi wa kudai haki yao. Desemba ya mwaka huo Netflix ilichapisha kwa mara ya kwanza orodha ya saa za kutazamwa za kazi zaidi ya 18,000.

Arcane, tamthilia ya katuni, iko nje ya desturi hii ya kuchagua kwa jina, na ndiyo maana naipenda kuitaja. Ilitoka Netflix mwezi wa Novemba 2021, ikiwa imechukua takriban miaka sita kutengenezwa katika studio ya Fortiche mjini Paris, kila picha ikiwa na alama za brashi kama mchoro wa mkono; lakini aliyetoa fedha ni Riot Games, mwenye gemu ya League of Legends, na Netflix ilikuwa ni mlango tu wa kupitishia. Mwaka 2024 gazeti la Variety liliandika kwamba misimu yake miwili, yenye jumla ya sehemu 18, iligharimu dola milioni 250 pamoja na matangazo. Sioni kampuni ya ada ya mwezi ambayo ingeingojea katuni miaka sita kwa hiari yake. Mwenye gemu alingoja, kwa sababu alikuwa na haja nyingine, na bila shaka kwa sababu alikuwa na fedha za kuchezea. Na tazameni faida isiyoonekana katika ubao wa Netflix: kule kwenye gemu ya League of Legends dada wawili Vi na Jinx ni wapiganaji wa kuchaguliwa na kurushwa uwanjani, maneno yao machache, uadui wao mstari mmoja wa maelezo, tamthilia ikautwaa mstari huo ikajenga juu yake utoto, umaskini, kifo na lawama. Mwaka 2022 ilipewa Emmy ya katuni bora, tuzo ambayo haikuwa imepata kupewa tamthilia yoyote ya huduma za kutiririsha.

Hata namna ya kutoa ni uchaguzi. HBO ilitoa The Last of Us sehemu moja kila Jumapili, na waliotazama usiku wa kwanza huko Marekani walikuwa milioni 4.7, na usiku wa mwisho milioni 8.2, yaani watu waliitana. Amazon ilizimwaga sehemu zote nane za Fallout kwa pamoja, lakini msimu wa pili ulipofika Desemba 2025 ikaitoa kwa juma, sehemu baada ya sehemu. Mwenye masikio alikuwa amesikia.

Mtauliza haya yanatuhusu nini sisi. Septemba 2021 Netflix ilifungua nchini Kenya mpango wa bure kwa wenye simu za Android, usiodai ada, unaoonyesha sehemu tu ya hazina yake. Novemba 2023 mpango huo ukafungwa. Kazi za HBO, The Last of Us ikiwamo, zilitufikia kwa huduma ya Showmax, kwa mapatano ambayo hakuna kati yetu aliyeyasaini. Lakini kuna tofauti yetu moja ambayo wachunguzi wa ng'ambo hawana haja ya kuifikiria. Katika vibanda vya gemu vya miji yetu, ambako kijana hulipia mechi kwa mechi na wengine wamesimama nyuma yake wakimhimiza amalize, mchezo unaotawala ni kandanda, na gemu ya kisa, inayodai saa kumi na tano za mtu mmoja, haina nafasi humo. Kwa hiyo wengi wa watazamaji wetu walimjua Joel katika tamthilia kwanza, na hawakupokonywa pedi ambayo hawakuishika. Hao ndio mahakimu waadilifu, kwani wanaihukumu tamthilia kwa kilichomo ndani yake. Nami nimewasikia wakiisifu sehemu ya Bill au wakiilaani bila ya kujua kwamba palikuwa na barua.

Aidha tusisahau kwamba watu wetu wana desturi yao ya kumwondoa mtazamaji katika ububu. Katika kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea sinema huko Tanzania, sauti ya marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, iliifunika sinema ya kigeni kwa Kiswahili chake, akiifasiri, akiichekea, akimwonya shujaa. Na huko Kenya DJ Afro hufanya kazi hiyo hiyo mpaka leo hata waigizaji wa Kichina na wa Kihindi wakazungumza kama vijana wa Nairobi. Chumba kizima humjibu. Sijui kampuni gani ina kipimo cha kuhesabu hilo.

Netflix yenyewe ilijaribu wakati mmoja kumrudishia mtazamaji mkono wake. Desemba 2018 ilitoa Bandersnatch, sinema ambayo mtazamaji huchagua kwa kubonyeza shujaa ale nini asubuhi, akubali kazi au aikatae, auawe nani. Na shujaa mwenyewe, kwa kejeli ambayo waandishi waliikusudia, ni kijana wa Uingereza wa mwaka 1984 anayejaribu kukigeuza kitabu kiwe gemu na akili ikamruka. Zikafuata nyingine za namna hiyo, nyingi zikiwa za watoto. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ikaziondoa karibu zote, na mwezi wa Mei 2025 ikaiondoa na Bandersnatch, ikisema kwamba juhudi zake sasa zinaelekea kwingine katika teknolojia. Aliyekuwa bado hajaifikia miisho yake yote, miisho hiyo imempita.

Bwana Mwenyekiti, naona kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipoitaja Halo. Tumsikilize.